Karatasi Imekwama Wapi? Siku Mbili na Printa ya Mtandao Kwenye Linux

Ijumaa moja ya Julai 2023, jua likiwa limeshazama, kijana wa mwaka wa tatu alisimama mbele ya kaunta ya steshenari ya dada yangu pale Mafiga, Morogoro, fleshi mkononi. Ripoti yake ya fildi ilikuwa na kurasa 46, na Jumatatu asubuhi ilitakiwa iwe chuoni, imeshabaindiwa. Dada akachomeka fleshi, akafungua faili, akaamuru ichapishwe. Kimya. Printa ilikuwa mita mbili kutoka kwetu, taa ya kijani inawaka, trei imejaa karatasi, lakini haikutikisika. Baada ya dakika kumi kijana akaniuliza, "Kaka, bado?" Baada ya nusu saa akauliza tena. Saa mbili usiku akaomba fleshi yake kwa upole, akaaga, akaenda kutafuta pengine.

Iliniuma, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nimeishika mimi. Mchana wa siku ile nilikuwa nimehamishia duka lote kwenye kompyuta mbili nyingine, na nilimwahidi dada kwamba kabla ya jioni mashine zote mbili zitakuwa zinachapisha kupitia mtandao, bila kuhangaika kuchomoa waya huku na kuchomeka kule.

Niseme kwanza kwa nini tuko kwenye Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaotumika badala ya Windows. Steshenari ni mahali ambapo fleshi za watu wengi zinapita kwenye kompyuta moja kila siku. Zamani tulikuwa tukipata kile kirusi kinachogeuza mafolda yote ya mteja kuwa njia za mkato. Mtu anakuja na tasnifu yake nzima, anaondoka na fleshi inayoonekana tupu, na analaumiwa dada. Tulipohamia Linux Mint 19, mojawapo ya matoleo ya Linux, ile ya 32-bit (aina ya zamani ya kompyuta; za sasa ni 64-bit) iliyokuwa inaingia kwenye mashine yetu kuukuu, balaa hilo likaisha. Printa yetu ya leza ilikubali kupitia draiva ya mtengenezaji, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, ikiwa imeunganishwa kwa waya wa USB, na miaka ikapita bila neno. Ila huduma ya Mint 19 ilifika mwisho Aprili 2023, na kuanzia Mint 20 hakuna tena toleo la 32-bit. Tukanunua Kariakoo kompyuta mbili zilizotumika, zenye RAM ya GB 4 kila moja, nikaweka Mint 21. Printa ikabaki ileile. Ilikuwa na tundu la waya wa mtandao ambalo hatukuwahi kulitumia, nikaona huu ndio wakati wake.

Nikachomeka waya kwenye ruta, kifaa kinachogawa mtandao dukani, printa ikapewa anwani yake ya mtandao, 192.168.1.103. Nikapakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mfumo ukaikataa, ukasema imetengenezwa kwa aina nyingine ya kompyuta. Maelekezo niliyoyakuta yalisema ilazimishwe iingie, nikailazimisha, ikaingia. Nikaongeza printa, nikaipa jina la "kaunta", nikatuma ukurasa wa majaribio. Ukatokea ujumbe wa maneno mawili: "Filter failed".

Kwa aliyezoea kompyuta zenye Windows, ujumbe huo hauna msaada wowote. Ukweli ni kwamba unasema jambo mahususi sana, sema sikuwa nimejifunza kuusoma. Uchapishaji kwenye Linux unasimamiwa na CUPS, programu aliyoianzisha Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990. Apple waliinunua mwaka 2007 na Mac zao zinaitumia. Kwenye Linux siku hizi inaendelezwa na mradi wa OpenPrinting. CUPS inapokea faili lako, inaliweka kwenye foleni, kisha inalipitisha kwenye vichujio, yaani programu ndogondogo zinazoligeuza hatua kwa hatua hadi liwe katika lugha inayoeleweka na printa yako. Kichujio cha mwisho mara nyingi ni cha mtengenezaji. "Filter failed" maana yake mojawapo ya programu hizo imeanguka. Mtandao haujaguswa bado. Printa yenyewe haijui hata kama kuna kazi inayoisubiri.

Mimi nikaanza kuhangaika na mtandao. Nikabadilisha waya, nikazima ruta na kuiwasha, nikafuta printa na kuiongeza upya. Baadaye, kwa kubahatisha, nikaweka libc6-i386, kifurushi cha maktaba za 32-bit (vipande vya programu vinavyotegemewa na programu nyingine), kwa sababu niliona mtu amekitaja. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Hakuna kilichotoka, na safari hii hata ujumbe wa kosa haukuja. Nikaona hakijasaidia kitu, nikakiondoa.

Hapo ndipo nilipojiangusha, na nililijua hilo kesho yake. Kile kifurushi ndicho kilichokuwa dawa. Karatasi haikutoka kwa sababu foleni nzima ilikuwa imesimamishwa, na foleni ikisimamishwa haijifungui yenyewe hata ukitibu chanzo. Kazi zinaingia, zinapanga mstari, zinasubiri kimya kimya. Nilikuwa nimetibu ugonjwa wa kwanza, wa pili ukanifichia matokeo, nami nikaitupa dawa sahihi.

Saa nne usiku umeme ukakatika. Ulirudi baada ya saa moja hivi, na mimi nikaendelea hadi saa nane za usiku. Nilichokuwa sijui ni kwamba umeme uliporudi, ruta ilianza kugawa anwani upya, na printa haikupewa tena ile 103. Kwa hiyo sasa matatizo yalikuwa matatu, moja juu ya jingine, na kila nililolishika lilionekana halina uhusiano na jibu. Nimefanya kazi na kompyuta miaka mingi na sijawahi kuchoka moyo kama usiku ule. Dada alikuwa ameshafunga hesabu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, haniambii kitu. Mwisho akasema, "Mdogo wangu, turudi nyumbani. Kesho tutarudisha ule waya wa zamani." Hata waya wa zamani usingesaidia, kwa sababu kichujio kilichoanguka ni kilekile, upite USB au upite mtandao. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Jumamosi asubuhi nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya Ijumaa mchana. Nilichukua karatasi na kalamu. Mtu akitumiwa mzigo kwa basi kutoka Mbeya na usifike Msamvu, hakimbilii kununua mzigo mwingine. Anapiga simu, anauliza: uliandikishwa ofisini? Ulipakiwa? Kwenye basi gani? Basi limefika? Nikaichora safari ya ukurasa mmoja namna hiyo: programu, foleni, kichujio, mtandao, printa. Nikajiwekea sharti la kutobadilisha chochote mpaka nijue mzigo umelala kituo gani.

Nikaanza mwisho wa njia. Printa nyingi za ofisini zinaweza kujichapishia zenyewe ukurasa wa hali yake, bila kompyuta yoyote. Yetu unashikilia kitufe cha kuendelea kwa sekunde kadhaa. Karatasi ikatoka, bado ina joto, na katikati ya mistari midogo nikasoma: 192.168.1.106. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaandika lpstat -v, amri inayoonyesha kila foleni inaelekezwa wapi. Ya kwangu ilikuwa inaelekezwa 192.168.1.103. Nikaziweka namba hizo mbili pamoja, ile ya karatasi na ile ya kioo, nikakaa kimya kidogo. Usiku mzima nilikuwa natuma mizigo kwenye nyumba aliyohama mtu.

Hili la anwani ndilo linalowatesa watu wengi zaidi kwenye mazingira yetu, na dawa yake ni ndogo. Anwani ambazo ruta inazigawa yenyewe ni za kukodisha, na umeme ukikatika mara kwa mara zinabadilika mara kwa mara. Printa inatakiwa iwe na anwani ya kudumu. Unaweza kuingia kwenye ruta ukaagiza kwamba mashine yenye namba fulani ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa chenyewe, ipewe anwani ileile siku zote, au ukaiandika anwani kwenye printa yenyewe, mradi iwe nje ya zile ambazo ruta inazigawa. Ruta yetu inagawa kuanzia 100 kwenda 200, basi nikaiweka printa kwenye 192.168.1.50. Nikaandika ping 192.168.1.50, amri ya kuiuliza kama ipo, ikaitika. Nikaandika nc -zv 192.168.1.50 9100 kuona kama mlango wa uchapishaji uko wazi, kwa kuwa printa nyingi za aina yetu zinapokea kazi kupitia poti 9100. Ulikuwa wazi. Kituo cha mtandao na kituo cha printa nikavipiga alama ya vema.

Nikarudi kwenye foleni. lpstat -p ikanijibu kwamba "kaunta" imefungwa. Nilitamani kuifungua papo hapo, nikajizuia, kwa sababu kama kichujio bado ni kibovu kazi zingeanguka tena. Nikafungua kumbukumbu za CUPS, yaani faili inamoandika kila inachofanya, zinazokaa /var/log/cups/error_log, baada ya kuiagiza iandike kwa kina kwa amri ya cupsctl --debug-logging. Mistari ni mingi na inatisha, lakini ukitafuta namba ya kazi yako unaisoma safari yake yote: imepokelewa, kichujio cha kwanza kimemaliza, cha pili kimemaliza, cha mtengenezaji kimeanza. Kisha mstari mmoja unaodai kwamba faili la hicho kichujio halipo.

Faili lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu ndani ya folda, lina ukubwa wake, lina ruhusa zote za kuendeshwa. Hili lilinishika kama saa nzima, na nalieleza kwa urefu kwa sababu lingeweza kumshika mtu yeyote. Nilipoliuliza kwa amri ya file, likajitambulisha kuwa programu ya 32-bit. Programu za Linux, zinapoanza, huita kwanza kipakizi, programu nyingine ndogo ya mfumo inayoziwekea maktaba zake. Kompyuta yetu ya 64-bit haikuwa na kipakizi cha 32-bit. Mfumo uliposema "halipo" ulimaanisha kile kipakizi, ila jina lililoandikwa kwenye kosa ni la programu iliyokiita. Nikakirudisha kifurushi nilichokiondoa jana yake, libc6-i386. Nikakiendesha kichujio kwa mkono kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Kikaanza bila kulalamika.

Sasa nikaandika cupsenable kaunta.

Printa ikavuta karatasi. Dada akainuka kwenye kiti. Ukatoka ukurasa wa majaribio, halafu mwingine, halafu mwingine, na ukurasa wa nne ulikuwa jalada: RIPOTI YA MAFUNZO KWA VITENDO, na jina la yule kijana wa jana. Faili lake lilikuwa bado kwenye foleni tangu Ijumaa jioni, na kwa kuwa dada alilituma mara tatu, lilikuwa limepanga mstari mara tatu. Tuliziacha kurasa 46 zitoke, kisha nikazifuta zilizobaki kwa cancel -a. Dada hakuwa na namba yake ya simu. Alizipanga zile karatasi vizuri, akaziweka kwenye bahasha ya kaki juu ya rafu, akisema labda atapita. Alipita Jumapili mchana kununua kalamu. Ripoti alikuwa ameshaichapisha kwingine. Dada alimpa ile bahasha akamwambia aitunze iwe nakala yake.

Nimekuwa nikiifikiria sana ile draiva ya 32-bit. Printa ilikuwa nzima, ngoma yake nzima, wino umejaa. Kilichotaka kuiua ni programu ndogo iliyofungwa, ambayo mtengenezaji aliitengeneza mara moja na hakuirudia. Kama chanzo chake, yaani maandishi ambayo programu inatengenezwa kutokana nayo, kingekuwa wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi angeikusanya upya kwa 64-bit na tusingesumbuka. Na jambo hili lina historia inayonigusa. Harakati za programu huria zenyewe zilichochewa kwa sehemu na printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya leza ya Xerox ili iwajulishe watu karatasi inapokwama, kama alivyofanya kwa printa iliyoitangulia. Akanyimwa chanzo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria, ambao zana zake ndizo tunazozitumia leo pamoja na Linux, kiini cha mfumo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Miaka arobaini baadaye, Morogoro, nilikuwa nimekaa mbele ya programu iliyofungwa ya printa nikitaka jambo lilelile. Naamini kwa dhati kwamba mnunuzi wa kifaa ana haki ya kujua kinavyozungumza.

Usumbufu wa mwisho ulikuwa wa karatasi. Jumatatu, mashine ya pili ilipoanza kuchapisha, printa ikawa inasimama na kuwasha taa ya rangi ya chungwa, inasubiri. Foleni niliyoiunda pale ilikuwa imekuja na ukubwa wa Letter, wa Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Printa ilikuwa inaomba karatasi ambayo sidhani kama imewahi kuuzwa Mafiga. Nikaandika lpadmin -p kaunta -o PageSize=A4, ikaisha. Kinachobaki ni faili za wateja zilizoandaliwa kwa Letter bila wao kujua, na hizo dada anazitazama kabla ya kuchapisha, kwa sababu ukurasa ukihama mstari mmoja, jedwali la mtu linavunjika, na ukurasa ni shilingi 200.

Tulipoongeza printa ya pili mwanzoni mwa 2024, nilikwenda dukani nikiwa na swali moja: inapokea kazi kutoka kwenye iPhone bila kuwekewa programu yoyote? Muuzaji alishangaa kidogo, kwa kuwa sina iPhone. Sababu ni kwamba AirPrint, njia ya kuchapisha kutoka kwenye iPhone bila draiva ambayo Apple waliileta mwaka 2010, iliwalazimu watengenezaji kuziwekea printa zao lugha ya pamoja, IPP, pamoja na miundo ya kurasa inayojulikana. Linux inaelewa lugha hiyohiyo. Printa ya namna hiyo haihitaji draiva ya mtengenezaji hata kidogo. CUPS inaiuliza ina trei ngapi, inachapisha pande mbili au la, inakubali karatasi gani, na yenyewe inajibu. Niliiweka kwa mstari mmoja:

lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.51/ipp/print -m everywhere

Dakika nne, tangu nifungue boksi la waya hadi ukurasa wa kwanza. Nilisimama pale nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja, nikiukumbuka ule usiku wa Julai.

Na kwa kuwa foleni zote mbili nilizielekeza kwa mkono kwenye anwani za kudumu, hatukuyumba Septemba 2024 ilipotangazwa kwamba huduma ya cups-browsed, ile inayotafuta printa za mtandaoni yenyewe, ilikuwa inaamini ujumbe kutoka kwa yeyote anayeifikia kwenye poti 631. Niliizima kwenye mashine zote mbili siku hiyohiyo, na wateja waliokuwa kwenye foleni hawakujua kama kuna kilichobadilika.

Ile karatasi niliyochora Jumamosi, dada aliilaminisha akaibandika ukutani juu ya kompyuta ya kwanza. Nimeongeza amri ya kila kituo kwa kalamu ya wino mzito. Wiki iliyopita alinipigia nikiwa safarini. Nilipopokea tu nikaanza kumuuliza kuhusu ruta, akanikatisha.

"Ngoja, mdogo wangu. Nimeshaangalia. Foleni iko wazi, 50 inaitika, kazi imefika kwenye printa."

"Basi itakuwa printa yenyewe. Taa ina rangi gani?"

Nikasikia anasogea, kisha mlio wa plastiki ikisukumwa ndani, kisha ule mngurumo wa kuvuta karatasi.

"Trei ilikuwa haijafunga vizuri," akasema. "Nina mteja, tutaongea."